Wasaa Kando ya Mweru

Vyuoni kuna somo linaloitwa jiografia ya burudani, utalii na michezo. Katika jina hilo, neno la kwanza ndilo linalonikwaza. Burudani ni ndugu wa baridi. Ni kile kinachomburudisha mtu, iwe taarabu, filamu au maji ya mtungi siku ya jua kali. Lakini somo lenyewe halianzii kwenye kuburudika. Linaanza kwa kuuliza ni muda gani wa mtu ambao haudaiwi na mwajiri wala na jembe, na muda huo anaupitisha wapi. Kwa jambo hilo Kiswahili kina neno la siku nyingi: wasaa. "Sina wasaa leo," husema mtu mwenye shughuli. Na chumba kisichobana nacho huambiwa kina wasaa. Mzizi wake wa Kiarabu ni wa upana, na pwani upana huo ukachukua mahali na saa kwa pamoja. Nafasi nayo ina tabia iyo hiyo: unaiomba kwenye benchi, unaiomba pia kwenye ratiba ya mkubwa. Wanajiografia wamejaza vitabu wakijaribu kuunganisha muda na mahali, na mwenye Kiswahili ameviunganisha bila kujua kila anapoomba udhuru.

Ningependa neno hili lipimwe mbali na pwani lilikozaliwa, huko Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ziwa Mweru lina urefu wa kilomita 130 hivi, na mpaka wa Zambia na Kongo unapita ndani yake. Nchelenge na jirani yake Kashikishi ziko ukingo wa mashariki, kwa hiyo jua la huko huzama majini, upande wa Kongo. Lugha ya sokoni ni Kibemba, lakini Kiswahili cha Katanga huvuka maji pamoja na bidhaa. Tangu 2018 kiko pia Mantapala, makazi yaliyofunguliwa wilayani humo kwa wakimbizi waliotoka Kongo. Ziwani kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, na ng'ambo yake, bara la Kongo, kuna mji wenye jina hilo hilo. Mtu wa Lindi, mwenye Kilwa yake pwani, akisoma ramani hiyo lazima arudie mara ya pili.

Sasa tuutazame mchanga wa Kashikishi. Tuuite nini? Mwandishi wa vipeperushi vya wageni ataandika ufuko, na msomaji ataona miavuli na viti vya kujinyoosha. Mtu wa Mwanza au Musoma ataangalia mitumbwi, vichanja na wachuuzi wenye ndoo, aseme huu ni mwalo. Wote wawili wana haki. Usiku wavuvi huwasha taa majini kuwavuta chisense, samaki wadogo ambao sisi tungewaita dagaa, na asubuhi wanawake huwaanika juani, wengine juu ya mchanga wenyewe. Jioni pahali pale pale watoto hukimbizana, vijana huoga, na wazee hupunga upepo wakitazama boti inayotoka visiwani. Hakuna aliyeufunga mwalo ili kuufungua ufuko. Saa tu ndizo zilizopita.

Hapa istilahi inagusa maisha ya watu. Kwa muda mrefu serikali ya Zambia imezungumzia kuikuza kaskazini iwe eneo la utalii, ili wageni wasiishie mji wa Livingstone na bonde la Luangwa. Ni nia njema. Lakini mpango unaoandika ufuko peke yake, siku moja utamkuta mwanikaji wa chisense na kumwona uchafu wa mandhari. Mpango unaoandika mwalo peke yake nao utasahau kwamba wavuvi pia hupenda kukaa mahali pazuri bila kufanya lolote. Mimi ningeandika yote mawili juu ya mchanga mmoja, hata kama ramani itajaa.

Kisha kuna likizo. Tunaiomba kwa barua kazini tukiidhani neno la ofisi, kumbe limetoka nyumbani kwa mzazi: kumlikiza mtoto ni kumwachisha kunyonya, kumwachisha ziwa. Na ziwa kwetu ni titi, na ni maji kama Mweru. Kila tarehe 1 Desemba Zambia hufunga uvuvi mpaka mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na wavuvi wa Nchelenge wanalikizwa ziwa kwa maana zote mbili za neno. Mitumbwi hupandishwa na nyavu hushonwa. Mwenye shamba la mihogo huenda shambani, na asiye nalo hukaa kivulini akicheza nsolo, mchezo wa vishimo ulio nduguye bao. Muda upo, tena miezi mitatu, lakini mfuko mtupu unaubana mpaka unakosa upana. Wasaa bila riziki ni kukaa bure, na mvuvi anaijua tofauti hiyo kuliko mhadhiri yeyote. Machungu huzidi anapoamini kwamba mwenzake wa ng'ambo anaendelea kuvua maji hayo hayo.

Neno utalii lina historia ya namna nyingine. Kutalii kwa asili yake kulikuwa kuangalia kwa makini, kuchunguza, kusoma jambo hadi ndani. Kwa maana hiyo David Livingstone, aliyefika Mweru Novemba 1867, alikuwa mtalii kamili, ingawa leo hakuna atakayemwita hivyo. Kwenye makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amezuiliwa huko kwa miaka. Kwa hiyo ulimwengu wa misafara ya pwani ulikuwa umeshafika kabla ya huyo mpelelezi wa kutoka Scotland. Tangu hapo neno limepungua uzito, na sasa mtalii ni mtu mwenye kamera na tiketi ya kurudi. Natamani lirudishiwe kidogo ile kazi ya kusoma. Anayekwenda Lumangwe, maporomoko ya mto Kalungwishi unaomiminika Mweru, ataambiwa kwamba ni makubwa kuliko yote yaliyo ndani ya Zambia peke yake. Akikaa na kusikiliza ataambiwa pia habari za nyoka mkubwa, mzimu wa mahali hapo, aliyejinyoosha kutoka Lumangwe hadi maporomoko ya Kabwelume. Vijitabu huita mahali kama hapo kivutio, yaani kinachovuta watu waje. Wenyeji wanapazungumzia kama kwa mtu, penye mwenyewe.

Limebaki neno la tatu, michezo, na hili sitaki liguswe. Wapo wanaodai lifupishwe, libaki na viwanja, ligi na vikombe, na mengine yapewe majina yake. Lakini kwetu hucheza mtoto, mwanasoka, mwigizaji na ngoma pia. Kusini mwa ziwa, huko Mwansabombwe, kila mwishoni mwa Julai Mwata Kazembe hucheza Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Walunda, ameshika shoka na upanga. Umbo lake la sherehe ya kila mwaka ni la miaka ya 1970. Ushindi unaokumbukwa ni wa zamani mno. Je, ile ni ibada, siasa, au utalii? Watu hufika kutoka Lusaka na Lubumbashi, vyumba vya kulala hujaa, na mchuuzi wa chisense hufanya biashara. Kibemba hutenganisha kucheza ngoma na kucheza mchezo kwa vitenzi viwili, na bila shaka kina sababu zake. Kiswahili hakitenganishi, na kwa siku ile kitenzi chetu kimoja kinatosha kumbeba Mwata, wapiga ngoma wake, na vijana wanaopiga soka pembeni wakingoja msafara upite.

Mpira wenyewe kwanza ni utomvu wa mti. Katika Kongo ya Mfalme Leopold watu walipigwa na kuuawa kwa ajili yake. Baadaye neno likahamia kwenye kitu cha duara, kisha kwenye mchezo wote. Ng'ambo ya Mweru husema mupira, na Nchelenge husema umupila. Mtoto aliyevuka na kufika Mantapala hahitaji mkalimani ili aingie timu.