GMO: maswali mawili yanayochanganywa makusudi

1/ Kila bei ya unga ikipanda, GMO inarudi jukwaani. Mmoja anasema ni sumu, mwingine anasema ndiyo mwisho wa njaa. Wacha niwapitishe kwenye historia, halafu mtajua nani anawazungusha.

2/ California, 1973. Stanley Cohen na Herbert Boyer wanakata kipande cha DNA, wanakiunganisha na kingine, wanakiingiza ndani ya bakteria. Bakteria wakizaana, kipande kinazaana nao. GMO ni hiyo tu: jeni kutoka huku, inawekwa kwenye seli ya kiumbe kingine.

3/ Wa kwanza kuingiwa na wasiwasi walikuwa wanasayansi wenyewe. 1974 wakaomba baadhi ya majaribio yasimame. Februari 1975 wakakutana Asilomar, hukohuko California, kupanga masharti ya usalama.

4/ 1982 Marekani ikaidhinisha insulini inayotengenezwa na bakteria waliowekewa jeni ya binadamu. Kabla ya hapo ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Sijawahi kuona mtu akiandamana kupinga hiyo.

5/ Turudi nyumbani. Sheria yetu ya kusimamia GMO ni ya 2009. Septemba 2012, utafiti wa panya kutoka Ufaransa ukadai mahindi ya GMO yanaleta uvimbe. Novemba, baraza letu la mawaziri likapiga marufuku vyakula vya GMO kuingia nchini. 2013 jarida lililochapisha utafiti huo likauondoa. Marufuku? Ikakaa mpaka Oktoba 2022, nchi ikiwa kwenye ukame. Kisha kesi zikaanza.

6/ Katikati ya marufuku hiyo, Desemba 2019, pamba ya Bt ikaruhusiwa. Ina jeni ya bakteria wa udongoni, hivyo mmea unajitengenezea protini inayoua viwavi. Lakini mbegu yake ni chotara: mkulima ananunua upya kila msimu. Na tuwe wakweli, hata mahindi chotara ya kawaida yako hivyo hivyo.

7/ Sasa ona maswali mawili. La kwanza: ni salama kula? Shirika la Afya Duniani linasema vyakula vya GMO vilivyoko kwenye soko la kimataifa vimepita ukaguzi, na kila kimoja kikaguliwe kivyake. Hilo ni swali la maabara.

8/ La pili: mbegu ni ya nani, bei anapanga nani? Hilo maabara haiwezi kujibu. Ni la sheria na siasa, na kwangu mimi ndilo zito zaidi.

9/ Kwa hivyo akikwambia "sumu", muulize: jeni gani, na nani ameipima? Akikwambia "mwisho wa njaa", muulize: mkulima wa ekari moja atalipa ngapi kwa mbegu, na mwaka ujao je? Akijibu swali moja kwa kutumia lingine, ujue anakuchezea.

Wewe umewahi kupewa jibu gani? Weka hapo chini.