Asili ya Neno "Hetitriki"

Mchezaji mmoja akifunga mabao matatu katika mchezo mmoja, watangazaji husema amefunga "hetitriki". Neno hili limetoka katika Kiingereza, na maana ya sehemu zake ni ujanja wa kofia. Je, kofia na mabao vina uhusiano gani?

Huko Kanada, wapenzi wa mchezo wa magongo uchezwao juu ya barafu husimulia habari ya mwaka 1946. Alex Kaleta, mchezaji wa timu ya Chicago, aliingia katika duka la Sammy Taft mjini Toronto akatamani kofia, lakini fedha hazikumtosha. Mwenye duka akamwambia kuwa akifunga mabao matatu usiku ule atapewa kofia bure. Kaleta akafunga manne.

Hadithi hii ni tamu, lakini mwanafunzi wa historia hana budi kutazama miaka. Mwaka 1858, mjini Sheffield, Uingereza, H. H. Stephenson aliangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo katika kriketi. Watu wakachanga fedha, akanunuliwa kofia. Neno lenyewe lilikwisha kutumika katika kriketi kabla Kaleta hajazaliwa.

Basi twajifunza kwamba kisa chaweza kupendwa na wengi, na hata hivyo kisiwe chanzo cha neno. Kila usikiapo asili ya jambo, usikubali upesi. Uliza kwanza: lilitukia lini, na lipi lililotangulia?