Kilomita Nne kwa Siku

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Kilikuwa cha Kifaransa, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, na kwa muda mrefu sikujua hata kinaitwaje. Nilikipata hapa Nyarugusu, ndani ya katoni ambayo mfanyakazi mmoja wa shirika aliiacha alipomaliza mkataba. Wenzangu waliwahi kamusi na vitabu vya hesabu. Mimi nilichelewa, nikabakiziwa Wachina.

Ndivyo nilivyoingia katika Sanguo Yanyi, yaani hadithi ya Falme Tatu. Wanasema iliandikwa na Luo Guanzhong katika karne ya 14, na chapa ya zamani kuliko zote iliyobaki ni ya mwaka 1522. Lakini mambo inayosimulia ni ya karne ya 2 na ya 3, utawala wa Han ulipovunjika na kila jenerali akajitafutia nchi. Kati ya vita na riwaya kuna zaidi ya miaka elfu moja. Katika miaka hiyo yote hadithi haikulala, ilikuwa midomoni mwa watu. Mshairi Su Shi, aliyefariki mwaka 1101, aliandika kwamba wazazi waliochoshwa na watoto watundu waliwapa hela kidogo waende kukaa kwa msimuliaji wa mtaani. Liu Bei akishindwa, watoto wanakunja uso, wengine wanalia. Cao Cao akishindwa, wanashangilia. Niliposoma hiyo nilicheka, maana ni banda letu la video kabisa: senti mkononi, watoto chini kwenye mkeka, na bwana mmoja anatafsiri filamu kwa Kiswahili na kuongeza chumvi yake.

Sura nyingi za kitabu hiki ni vita na hila. Nakiri nyingine niliziruka. Majina ni mengi mno, na kila mtu ana majina mawili. Lakini kuna mahali nilisimama, nikarudi nyuma, nikasoma tena.

Ni mwaka 208. Liu Bei yuko Fancheng, hana nchi, anahifadhiwa na gavana wa Jingzhou. Gavana anakufa, mtoto wake anasalimu amri kwa Cao Cao, na Liu Bei inabidi akimbie kusini kuelekea Jiangling, kwenye ghala la silaha. Watu wa mji na wa vijiji wanamfuata. Hapa sitegemei riwaya peke yake. Mwanahistoria Chen Shou, aliyeandika katika karne hiyohiyo ya 3, anasema walipofika Dangyang walikuwa zaidi ya laki moja, na mikokoteni maelfu kadhaa, na kwa siku walikwenda li kumi na kitu tu. Li moja ya wakati ule ilikaribia mita 400 na kidogo. Basi piga hesabu: kilomita nne na zaidi kidogo kwa siku.

Wewe unayefanya kazi kwenye mashirika, pengine unaiona kilomita nne kama namba. Mimi naijua kwa miguu ya papa. Uvira ilianguka Oktoba 1996, na familia yetu ilishika njia ya kusini kando ya ziwa, Makobola, Mboko, hadi Baraka, kutafuta boti ya kuvuka kwenda Kigoma. Nilikuwa na miaka miwili. Papa husema kilichokuwa kinachelewesha watu si milima, ni vitu. Mtu amebeba godoro, mwingine cherehani, mwingine mbuzi anayekataa kutembea. Halafu wazee. Halafu mama mwenye mimba ya miezi minane anayekaa chini kila baada ya nusu saa, na huwezi kumwambia lolote. Mikokoteni ile elfu kadhaa nilijua mara moja imebeba nini.

Washauri wa Liu Bei walimwambia: waache watu hawa, tangulia na askari, adui akitufikia tutafanyaje? Akakataa. Alisema mambo makubwa yanajengwa juu ya watu, na watu wamemkimbilia yeye, atawaachaje? Jibu hilo lilimfanya mtakatifu kwa Wachina wengi. Ila Cao Cao alikuwa na wapanda farasi wateule 5,000, na walikwenda li 300 kwa mchana mmoja na usiku wake. Zaidi ya kilomita 120. Kwa hesabu ya darasa la tano, mambo yamekwisha hapo.

Walifikiwa Changban. Na yule aliyesema hawezi kuwaacha watu, Chen Shou anaandika bila kuficha kwamba aliacha mke na mtoto, akatoroka na wapanda farasi makumi machache. Watu na mizigo vikashikwa na Cao Cao. Riwaya hapa inapata taabu, unaiona kabisa inatafuta njia ya kumsafisha shujaa wake. Inamleta Zhao Yun, askari aliyerudi peke yake katikati ya majeshi kumtafuta mtoto wa kiume wa Liu Bei. Anamkuta mama Mi amejeruhiwa kando ya kisima, amemkumbatia mtoto. Mama anamkabidhi mtoto, kisha anajitupa kisimani ili asimcheleweshe. Zhao Yun anaangusha ukuta juu ya kisima, anamfunga mtoto kifuani ndani ya deraya na kupasua jeshi zima. Anapomfikisha kwa baba, Liu Bei anamtupa mtoto chini na kusema kwa ajili ya huyu nusura nipoteze jenerali wangu.

Nimeisimulia sehemu hiyo mara nyingi hapa kambini, jioni, watu wakisubiri maji bombani. Wanaume wanapenda Zhao Yun. Wamama wananuna mtoto anapotupwa. Mimi nilipenda kifua. Papa alinibeba hivyohivyo, nimefungwa kwa kitenge cha mama mbele ya tumbo lake, na hiyo ndiyo hadithi ya nyumbani kwetu ambayo kila mgeni lazima aisikie. Wakinisifu nimekua, papa hugonga kifua chake na kusema, huyu alivukia hapa.

Siku moja mama mzee wa kijiji chetu hapa kambini alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza: "Huyo mtu alikuwa na mtoto mmoja tu?"

Nikasema ndiyo, huyo mvulana, baadaye akawa mfalme. Na ni kweli, Liu Shan alitawala Shu mpaka alipousalimisha ufalme mwaka 263. Lakini swali halikuniacha. Nilitafuta kwa simu, usiku mtandao ukitulia kidogo. Kumbe wapo wengine. Katika ile historia ya Chen Shou, si kwenye habari za Liu Bei, bali kwenye habari za upande wa pili, pale anapotajwa kamanda mmoja wa wapanda farasi aitwaye Cao Chun, imeandikwa kwamba aliwafukuza mpaka Changban, akateka mabinti wawili wa Liu Bei pamoja na mizigo. Basi. Hawana majina, hawana umri, wametajwa mstari mmoja na mikokoteni. Katika kitabu changu cha Kifaransa sikuwaona popote, nilikipekua chote.

Ndani ya katoni ileile kulikuwa na kitabu kingine cha Kichina, kwa Kiingereza, juzuu ya kwanza kati ya tano: riwaya ya Cao Xueqin, Ndoto ya Chumba Chekundu. Sitasema mengi, maana juzuu nne sina. Ila nilijifunza kwamba familia yake ilikuwa kubwa Nanjing, wasimamizi wa viwanda vya hariri vya mfalme, na babu yake alimpokea mfalme Kangxi mara nne katika safari zake za kusini. Mfalme mpya akaja, na ilipofika 1728 mali yote ilikuwa imetaifishwa, wakahamia Beijing. Huko, katika umaskini, Cao Xueqin aliandika juu ya nyumba kubwa iliyojaa wasichana, dada na mabinamu na watumishi, na anasema wazi mwanzoni kwamba anaandika ili wanawake aliowajua wasipotee. Alikufa mwaka 1763 au 1764, na iliyokuwa ikizunguka ni nakala za mkono za sura 80. Ilipochapishwa kwanza, 1791, ilikuwa na sura 120, na watu bado wanagombana nani aliandika zile za mwisho.

Huyu hakuhesabu mikokoteni. Anakuambia msichana fulani alivaa nini siku gani, alikasirikia nini, alikuwa akikohoa. Mwanzoni niliona ni umbea. Baadaye nikaelewa anachofanya.

Nilikuwa na dada. Alikuwa anatembea na tantini nyuma yetu, tukapotezana nao baada ya Makobola, risasi ziliposikika na watu wakaingia mashambani. Nyumbani hatumtaji. Tulipofika na kuulizwa tuko wangapi, papa alisema wanne, maana ndio tulikuwa pale, na wanne ndio tukaandikwa kwenye kadi.

Nilimsomea papa ule mstari wa mabinti wawili, nikiutafsiri polepole. Alinyamaza muda mrefu. Nikadhani amekasirika. Kisha akasema alikuwa na miaka sita, alikataa kuvaa viatu, na godoro alilobeba yeye siku ile angeweza kulitupa.

Jumatatu tulikwenda pamoja kwenye ofisi ya kutafuta ndugu waliopotea. Fomu ina sehemu ya jina, mwaka wa kuzaliwa, na mahali mlipoachana. Nilitaka kumjazia, macho yake si mazuri siku hizi. Akachukua kalamu, akajaza mwenyewe.