Mgeni Aliyepewa Jembe: Historia Iliyomo Katika Sahani Zetu



Katika parokia zetu za Fizi, sikukuu ya somo haimaliziki kwa baraka ya mwisho ya Misa. Waamini hutoka kanisani wakaelekea penye meza ndefu ambako akina mama wamekwisha kutangulia. Hapo pana bugali wa muhogo na sombe iliyotiwa mawese, ndagala waliokaangwa, mikeke waliochomwa, maharage, viazi vilivyoshuka kutoka milimani, wali, na pengine pilau iliyoletwa na jirani Mwislamu. Ikiwa njia ya Minembwe ina amani, hushuka pia maziwa. Kila jamaa huleta chakula chake na kukiita kwa fahari "chakula cha asili yetu". Nasi tunakula, tunasifu, tunarudi nyumbani.

Safari hii tunawaomba mkae mezani kidogo zaidi, mjiulize: asili hiyo ni ipi, na ilianza lini? Swali hili si la mchezo. Katika nchi yetu maneno "mwenyeji" na "mgeni" yamekwisha kumwaga damu. Yafaa basi tujue yana uzito gani yanapopimwa kwa chakula tunachokula kila siku.

Tuanze na muhogo, kwa sababu hakuna anayethubutu kuuita mgeni. Muhogo ni mmea wa Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta katika pwani ya ufalme wa Kongo katika karne ya 16, ukaingia bara mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, mpaka ukatufikia. Wala haukutosha kusafirisha vipande vya shina. Muhogo mchungu una sumu, kwa hiyo ilibidi ujuzi wa kuuloweka, kuuanika na kuutwanga usafiri pamoja nao. Kila mama aliyeupokea alimpokea pia mwalimu fulani ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Mahindi nayo yalivuka bahari kutoka Amerika, ingawa jina lake la Kiswahili linatuelekeza Uhindi. Maharage tunayoyapika kila wiki ni ya huko huko. Viazi tunavyoviita "viazi ulaya" si vya Ulaya. Kwao ni milima ya Andes, na Ulaya ilikuwa kituo tu cha njiani. Hata ndizi, iliyokaa Afrika miaka mingi kuliko kumbukumbu ya ukoo wowote, ilitoka Asia. Tukiwafukuza wageni wote hao mezani, tutabaki na mtama, ulezi, mawese, samaki, nyama na maziwa. Ni chakula chema, lakini bugali wa muhogo hautakuwapo, wala sombe.

Ziwa Tanganyika lenyewe halijawahi kuwa ukuta. Kabla Burton na Speke hawajafika ufukweni mwake mwaka 1858, chumvi ya Uvinza ilikuwa ikivuka kutoka mashariki, mawese yakipelekwa sokoni Ujiji, na watu wa Ugoma wakichonga mitumbwi kwa miti mikubwa ya mwambao wetu. Misafara iliyotoka pwani ya Zanzibar kupitia Tabora ilileta nguo na shanga. Upande wa Maniema ilieneza kilimo cha mpunga, na ikatuachia lugha hii tunayosali na kuandikiana.

Lakini si kila kilichofika kilifika kwa amani, na historia isiyosema hivyo ni historia iliyopakwa sukari. Njia hizo hizo za chumvi na nguo zilipitisha pia watumwa na pembe za ndovu. Mwaka 1883 Wamisionari wa Afrika, tunaowaita Mapadre Weupe, walianzisha misioni ya Kibanga kwenye mwambao wa magharibi wa ziwa. Miongoni mwa watu wa kwanza kuishi hapo walikuwamo watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Walitoka makabila mbalimbali, na wengi hawakuwa na njia ya kurudi kwao. Baadhi ya mizizi ya Ukristo katika sehemu zetu imo humo, katika jamii ya watu waliong'olewa makwao wakalazimika kujifunza kuitana ndugu.

Kuna hata samaki mhamiaji. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ndagala wa aina moja walichukuliwa kutoka Ziwa Tanganyika wakapandikizwa katika Ziwa Kivu, ambako hawakuwapo kamwe. Wakazaana. Leo watu wa Bukavu na Goma huwaita sambaza, huwala kwa raha, na mtoto wa huko akiambiwa kwamba samaki hao ni wageni atacheka. Miaka hiyo hiyo wavuvi wa Kigiriki walikuwa wakileta nyavu mpya katika ziwa letu. Samaki wetu akawa mgeni kwa wengine, na nyavu za wengine zikawa wageni kwetu.

Watu nao wana safari zao. Mapokeo ya Babembe husimulia kushuka kutoka misitu ya magharibi, kwa ndugu zao Balega, kupitia Itombwe hadi ziwani. Bafuliiru hutaja Lwindi. Banyamulenge huhesabu safari yao tangu Mulenge, katika milima ya Uvira. Wanahistoria wengi huweka kufika kwao huko katika karne ya 19, wengine huweka mapema zaidi. Baadaye walisogea kusini na ng'ombe wao hadi Itombwe na Minembwe, penye malisho yaliyo juu ya mita 2,000. Mwaka 1972 Warundi waliokimbia mauaji walipokelewa kando ya ziwa. Hatuandiki haya ili kuamua nani alitangulia wapi, maana mashamba na mipaka vina wazee na sheria zake. Tunaandika ili ionekane kwamba katika simulizi zetu hakuna kabila lisilo na safari.

Kwa muda mrefu safari hizo zilikutana sokoni. Ng'ombe, maziwa na siagi vilitoka kwa wafugaji wa milimani. Unga, mawese, chumvi na ndagala vilitoka kwa wakulima na wavuvi. Mfugaji asiyelima alimhitaji mkulima, na mkulima aliyetaka ng'ombe wa mahari alimhitaji mfugaji. Magomvi hayakukosekana, ng'ombe walipoingia shambani au mipaka ilipobishaniwa, lakini kila upande ulijua kwamba chungu chake kinategemea njia iliyo wazi.

Tangu vita vya mwaka 1996 njia hiyo imefungwa mara nyingi, na tangu mwaka 2017 milima ya Minembwe, Itombwe na Fizi imeona vijiji vya jamii zote vikichomwa na mifugo ikiporwa. Vita vikifunga barabara, maziwa hayashuki na chumvi haipandi. Mtoto wa Minembwe hukosa ndagala siku ile ile mtoto wa Baraka anapokosa maziwa. Njaa haiulizi kabila.

Hapo ndipo historia ilipotugeuzia kioo. Tangu mwaka 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa wakapata hifadhi katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, nchini Tanzania. Waliojiita wenyeji nyumbani wakawa wageni ng'ambo, wakipanga foleni ya unga wa mahindi huku wakiutamani ule wa muhogo. Wengine, Babembe na Banyamulenge pia, wamefika hata Marekani, na huko hutafuta dukani sombe iliyogandishwa kwa barafu. Katika jiji la ugenini, harufu ya majani hayo yakichemka huwakumbusha nyumbani kumoja. Kisha mwaka 2015, wakati wengi wa watoto wetu wangali Nyarugusu, Fizi ilipokea Warundi waliokimbia machafuko ya nchi yao, nao wakakaa Lusenda. Katika wakati mmoja tulikuwa wageni upande ule wa ziwa na wenyeji upande huu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunautumia msemo huu kumfukuza mgeni mvivu. Tuusikilize tena. Hausemi siku ya tatu mwonyeshe njia ya kurudi. Unasema apewe kazi, na anayepewa jembe huonyeshwa pia udongo wa kulilimia. Muhogo ulipewa jembe, ukawa chakula chetu. Sambaza walipewa ziwa, wakawa fahari ya Bukavu. Je, ni haki kuupokea mmea na kumkataa mtu?

Hatusemi kwamba sahani ya pamoja itamaliza vita. Mtu aweza kunywa maziwa ya jirani yake asubuhi na jioni akakana kwamba jirani huyo ni ndugu. Pia yuko anayekula sombe huku akimdharau mama aliyeipika. Meza haihukumu kesi za ardhi, wala haifufui waliouawa. Lakini hutuondolea uongo mmoja, nao ni mkubwa: kwamba wako watu waliotoka ardhini kama mawe, na wengine waliodondoka juu yao kama mvua ya mawe. Sote tulifika, na waliotutangulia, kwa njia moja au nyingine, walitusogezea kigoda.

Kwa majadiliano katika vikundi:

1. Muulize bibi au babu: chakula gani kilikuwa hakijulikani kijijini alipokuwa mtoto, na nani alikileta?

2. Katika familia yako, nani amewahi kuwa mkimbizi? Nani alimpa chakula cha kwanza, na je, tunamkumbuka katika sala zetu?

3. Katika sikukuu ijayo ya somo, ni jirani yupi ambaye hajawahi kuitwa mezani petu? Nani kati yenu atakwenda kumwalika?