Moto Juu, Moto Chini: Keki ya Nyumbani katika Pwani ya Kilwa kabla ya Neno Keki

Husemwa mara nyingi, na kwa uhakika mkubwa kuliko ushahidi uliopo, kwamba uokaji wa keki na biskuti majumbani ni ufundi ulioletwa na Waingereza, ukafundishwa katika shule za misheni na katika madarasa ya sayansi kimu, kisha ukasambaa kutoka mijini mpaka vituo vya njiani kama Nangurukuru, njia panda ambako barabara ya Kilwa Kivinje na Kilwa Masoko huachana na ile iendayo Lindi. Wanaoshikilia dai hilo huegemea ushahidi wa maneno, kwa kuwa keki na biskuti yote mawili yametoka katika Kiingereza, na jambo hilo halina ubishi. Lakini hao hao hawajajishughulisha kuuliza vitu hivyo viliitwaje kabla ya hapo, ingawa jibu limekaa kwa zaidi ya miaka 100 katika kamusi ambazo wanahistoria wa chakula huzipita bila kuzifungua.

Historia ya kale ya Kilwa inajulikana vya kutosha na haihitaji kurudiwa kwa urefu. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akasifu ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, asiandike lolote kuhusu majiko ya mji. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 wakajenga ngome, na katika maneno yaliyobaki kwa sababu yao, kama vile meza, leso na gereza, hakuna linalotaja aina ya mkate inayozungumzwa hapa. Lenye manufaa zaidi ni utafiti wa mabaki ya mimea uliofanywa na Sarah Walshaw katika kisiwa cha Pemba, ambao umeonyesha kwamba uwele ndio uliotangulia kuwa nafaka kuu, na kwamba mpunga ulichukua nafasi hiyo kuanzia karne ya 11 hivi. Basi wakati miji ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara inang'aa, wali na unga wa mchele havikuwa vitu vigeni katika pwani hii.

Chanzo kinachostahili kusomwa kwa makini ni kitabu cha mwongozo wa Kiswahili alichokichapisha Edward Steere mwaka 1870, baada ya kukaa Unguja tangu mwaka 1864. Steere alikuwa mmisionari wa Universities' Mission na baadaye askofu, naye hakuwa mgeni katika pwani ya kusini, kwa kuwa mwaka 1876 alipitia Lindi akiongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, akaanzisha nao makazi ya Masasi. Katika orodha yake ya maneno, na katika kamusi zilizofuata, ile ya Krapf ya mwaka 1882 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, neno mkate halina maana finyu ya leo ya kipande cha ngano kinachonunuliwa dukani. Mkate ni kitu chochote kilichofinyangwa au kumiminwa kikashikana umbo moja, hata tumbaku iliyoshindiliwa ikaitwa mkate wa tumbaku, na kwa sababu hiyo ilibidi kila mkate utajwe kwa namna ulivyotengenezwa: kuna wa kumimina, ambao rojo yake humwagwa chomboni, kuna wa mofa, uliotengenezwa kwa unga wa mtama, na katika matumizi ya pwani mpaka leo wapo pia wa sinia, wa ufuta na wa mayai.

Neno la pili katika kamusi hizo lina uzito zaidi, nalo ni maandazi. Msomaji wa leo hufikiria donge la ngano lililokaangwa katika mafuta, lakini katika karne ya 19 maandazi yalikuwa jina la jumla la vyakula vitamu vya unga, kutokana na kitenzi kuandaa, ambacho kilihusu hasa upishi wa namna hiyo, na mtu hodari wa kazi hiyo aliitwa mwandazi. Lugha haibuni jina la fundi wa kazi isiyokuwepo. Ikiwa pwani ilikuwa na mwandazi kabla ya bendera ya Uingereza kupandishwa Kilwa, basi dai la shule za misheni linapaswa kuachwa, wala hakuna sababu ya kulibembeleza.

Linabaki pingamizi la haki, kwamba Steere aliandika Kiswahili cha Unguja na Krapf kile cha Mombasa, ilhali Kilwa ina lahaja yake, Kimgao. Pingamizi hili linastahili kusikilizwa kwa subira. Hata hivyo Kilwa Kivinje ya wakati huo ilikuwa chini ya Sultani wa Unguja, majahazi yakipishana baina ya miji hiyo kila msimu, na mkate wa kumimina unajulikana kwa jina hilo hilo na kwa njia ile ile katika sehemu kubwa ya pwani, jambo ambalo ni vigumu kulieleza kama ufundi wenyewe ungekuwa wa jana.

Njia yenyewe inafaa kuelezwa, maana hoja nzima imejengwa juu yake. Mchele hurowekwa mpaka ulainike, husagwa pamoja na tui la nazi, hutiwa sukari na iliki, kisha huachwa uumuke. Kiumuishi kilichotumika ni hamira, na hamira ya zamani haikuwa punje za kopo, bali unga uliokorogwa kwa maji ukaachwa uchachuke. Na penye minazi, tembo changa, ambalo chachu huanza kufanya kazi ndani yake mara tu linapogemwa, liliweza kufanya kazi hiyo hiyo, kama linavyofanya katika mikate ya mchele ya Kerala na Goa, ng'ambo ya bahari ile ile. Rojo ikishaumuka humiminwa katika chombo kilichopakwa samli, chombo kikawekwa juu ya moto wa wastani, na mkate unapoanza kushika hufunikwa na kupaliwa, yaani kuwekewa makaa ya moto juu ya mfuniko, ili uso wake uive na kubadilika rangi bila kugeuzwa. Joto hutoka chini na juu kwa pamoja ndani ya nafasi iliyofungwa. Hiyo ndiyo oveni, ingawa haina mlango wala ukuta wa chuma.

Wapo wanaokubali hayo yote, kisha wakayahesabu kuwa mali ya Waarabu. Hawa wana sehemu ya ukweli, kwa kuwa hamira ni neno la Kiarabu, na mofa ni jina la tanuri la udongo linalojulikana Yemen, ambalo mkate wake huitwa muufo katika pwani ya Somalia. Lakini mofa ya Waswahili ilitengenezwa kwa mtama, nafaka ya Afrika, na mkate wa kumimina umesimama juu ya mchele na nazi, si juu ya ngano. Kwa upande wa biskuti, vileja vya unga wa mchele na samli vimo katika mkondo huo huo, na nankhatai ilikuja na wafanyabiashara wa Kachchh na Gujarat, ambao baadhi yao walifungua maduka Kivinje. Kilichosafiri baharini ni maarifa yaliyokuwa yakipokewa na kubadilishwa kila bandari.

Kuna jambo lililo zito zaidi kuliko asili ya majina, na waandishi wa mapishi hulikwepa. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi, visiwa ambako miwa ilikuwa tayari inalimwa na baadaye ikatawala sehemu kubwa ya ardhi. Katika miaka ya 1860 karibu watumwa 20,000 walikuwa wakipitishwa Kilwa kila mwaka, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wanawake miongoni mwao waliobakizwa pwani kama wajakazi ndio walioroweka, wakatwanga, wakasaga na kukaa mbele ya makaa katika nyumba kubwa, hivyo mwandazi wa Kivinje mara nyingi alikuwa mtu asiyekuwa na mamlaka juu ya mwili wake. Steere na wenzake waliuliza jina la mkate wakaliandika, na jina la mwanamke aliyeupika hawakuliuliza. Kila anayesifu mapishi ya pwani kama urithi wa masultani anafuta mikono hiyo kwa mara ya pili.

Utawala wa Wajerumani, Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata havikuacha nafasi ya vyakula vya furaha katika nchi ya Wamatumbi na jirani zao. Katika zama za Waingereza, lililogusa kusini moja kwa moja ni Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947, ambao ulifyeka misitu ya Nachingwea, Kongwa na Urambo ili Uingereza, iliyokuwa bado katika mgao wa chakula, ipate mafuta ya kupikia na ya kutengenezea siagi ya mimea. Ardhi ya kusini ilitakiwa kutoa mafuta ya keki za London, na mpango ukaachwa mwaka 1951 baada ya hasara ya takribani pauni milioni 36.

Walichoongeza Waingereza kwa hakika ni unga wa ngano kwa wingi, siagi ya kopo na beking pauda, ambayo iliondoa usiku wa kungoja rojo iumuke. Vitu hivyo viliingia katika ufundi uliokuwepo, na dalili yake inaonekana mpaka leo katika nyumba zisizo na oveni. Sufuria kubwa hutandazwa mchanga mkavu, hubandikwa juu ya jiko la mkaa, chombo chenye keki huwekwa ndani, sufuria ikafunikwa na makaa yakapaliwa juu ya mfuniko. Mwokaji akikisia kuwa wakati umefika, hufunua kidogo na kuchoma katikati kwa njiti ya chelewa, ule uti wa ukuti wa mnazi, na njiti ikitoka kavu huepua keki ya ngano kama vile mkate wa kumimina unavyoepuliwa.