Tanuru za Chuma za Unyiha na Upangwa

Wako watu wadhanio ya kuwa ufundi wa kubuni vyombo uliingia nchini mwetu pamoja na vitabu. Historia ya Nyanda za Juu za Kusini yasema vingine.

Katika Unyiha, upande wa Mbozi, wazee wa kale walijenga tanuru ndefu za udongo, kupita kimo cha mtu, wala hawakutumia mivukuto. Chini waliacha matundu, wakatia mirija ya udongo. Hewa ikiisha kupata moto huwa nyepesi, hupanda. Nayo ipandapo huvuta hewa mpya iingie chini. Hivyo tanuru ilijivutia pumzi yenyewe. Lakini katika Upangwa, upande wa Ludewa, tanuru zilikuwa fupi, na watu walifukuta kwa mivukuto. Kazi ni moja, miundo ni miwili.

Mafundi hao hawakuwa na kipimo cha joto. Chuma safi hakiyeyuki mpaka kipate digrii 1,538, nao hawakufika huko, wala haikuwa lazima. Hewa itokayo katika makaa huondoa oksijeni iliyomo katika mawe. Takataka huyeyuka na kutiririka, na chuma hubaki bonge lifaalo kufuliwa jembe. Hayo waliyapata kwa kujaribu: udongo upi haupasuki, makaa ya mti gani yana nguvu, matundu mangapi yatosha. Tanuru ikiharibika, kazi ya siku nyingi ilipotea. Hasara hiyo ndiyo iliyowafundisha.

Kisha majembe ya ng'ambo yakaenea, nayo tanuru zikazimika. Kwa kuwa elimu ile ilikaa mikononi, si katika karatasi, kila mzee aliyezikwa alizikwa na sehemu yake. Wataalamu waliokuja baadaye kuichunguza iliwabidi kuwategemea wazee wachache waliosalia.

Mwaka 1986 chuo cha ufundi kilianzishwa mjini Mbeya. Mwaka 2005 kikawa taasisi ya sayansi na teknolojia, na mwaka 2012 kikapandishwa kuwa chuo kikuu. Mwanafunzi wa mitambo hapaswi kuishia katika kuchora tu. Yampasa kuingia karakana, akate chuma, akiunge, akipime, aone kama mchoro wake wasema kweli. Hiyo ni njia ile ile ya wahunzi wetu, ila imeongezewa kalamu.

Basi, wazazi, mtoto akifungua kufuli bovu ili alitazame ndani, msimpige. Mwacheni ajaribu, kisha mwambieni aandike alichokiona, kisije kikapotea kama zilivyopotea tanuru.