Habari za Piano za Nairobi, na Sababu ya Kuzilinganisha kwa Wakati



Katika hesabu za chama chenye ukumbi kuna matumizi yasiyoulizwa: mabati, viti, rangi ya kuta. Lakini likisomwa fungu la kumlipa fundi wa piano, hapakosi mtu wa kusimama na kuuliza, "Piano hiyo yalia kila Jumapili, yatengenezwa nini?" Swali hilo ni la haki, maana fedha ni za wanachama. Yafaa lijibiwe kwa kueleza jinsi chombo hiki kilivyotufikia na jinsi kinavyoharibika.

Piano ilibuniwa na Bartolomeo Cristofori katika mji wa Florence, Italia, karibu na mwaka 1700. Huku kwetu njia yake ilikuwa meli mpaka Mombasa, kisha gari la moshi, ambalo reli yake ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Mbao zilizozoea baridi ya Ulaya zilipandishwa mpaka mji ulio kama mita 1,700 juu ya bahari, wenye jua kali na masika mazito. Watengenezaji waliijua hatari hiyo, na piano za nchi za joto waliziongezea skrubu na vipande vya shaba, wasitegemee gundi peke yake.

Mji uligawanywa kwa rangi za watu, na piano nyingi zikakaa katikati ya mji na katika vitongoji vya magharibi, ndani ya nyumba na vilabu ambamo Mwafrika aliingia kwa kazi ya utumishi. Aliipangusa piano vumbi, bali hakuketi mbele yake. Hata hivyo uimbaji wa sauti nne ulikuwa umekwisha kuingia katika makanisa na shule za misheni, na huko Kikuyu, magharibi ya mji, shule ya Alliance ilifunguliwa mwaka 1926. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza mwaka 1927. Mwaka 1944 kilianzishwa chuo cha muziki ambacho leo huitwa Kenya Conservatoire of Music. Na Novemba 1952, majuma machache baada ya kutangazwa Hali ya Hatari, likafunguliwa jumba la National Theatre. Barabara ipitayo mbele ya jumba hilo sasa ina jina la Harry Thuku. Mwaka 1963 tume ya watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Thomas Kalume, ilitengeneza Wimbo wa Taifa kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Hivyo, elimu iliyokuwa imefungiwa milango ikawa mali yetu. Na mwenye mali ndiye mwenye wajibu wa kuitunza.

Sasa tutazame ndani ya chombo chenyewe. Piano ya kawaida ina vibao 88 vya kupigia na nyuzi za chuma kama 230, na mvuto wa nyuzi hizo zote kwa jumla hupata tani 15 hadi 20. Nyuzi hukazwa kwa vigingi vya chuma, na hukaa juu ya ubao mwembamba unaokuza sauti. Mvua inyeshapo, ubao hunywa unyevu, huvimba, na sauti hupanda. Kiangazi kijapo, hukauka, na sauti hushuka. Wala nyuzi zote haziendi sawasawa. Ndiyo sababu piano isiyoguswa na mtu huharibika sauti kama ile ipigwayo kila siku.

Fundi huanza kwa sauti moja tu, ile iitwayo A, ambayo mkutano wa London wa mwaka 1939 uliiwekea kipimo cha mitetemo 440 kwa sekunde. Akiisha kuipata, hulinganisha sauti za katikati, kisha huenea mpaka pande zote mbili. Kazi hiyo humchukua saa moja au mbili.

Je, aitwe lini? Piano itumikayo na kwaya au shule yafaa ilinganishwe mara mbili kwa mwaka: mara moja baada ya masika, na mara moja baada ya vuli, lakini si siku mvua ikatikapo, bali majuma machache baadaye, mbao zikiisha kutulia. Ya nyumbani, isipigwe sana, isikose mara moja kwa mwaka. Ikihamishwa, ingojewe kama majuma mawili. Na daima iwekwe mbali na dirisha lenye jua na ukuta wenye unyevu.

Mwandishi alipata kuona kanisa moja ambalo piano yake iliachwa miaka mingi. Ilishuka polepole, na masikio yakashuka pamoja nayo, hata hakuna aliyetambua. Kwaya ya watoto ilijifunza kwayo. Ilipofika siku ya sherehe, wakaja wapiga tarumbeta, na tarumbeta haiwezi kushushwa kuifuata piano iliyolegea. Watoto wakayumba kati ya sauti mbili, wakalaumiwa mbele ya wazazi wao, na kosa halikuwa lao. Fundi alipoitwa, hakuweza kuimaliza kazi kwa siku moja: alizipandisha nyuzi kwanza, akarudi baadaye kuzilinganisha, na baadhi ya nyuzi zenye kutu zilikatika. Malipo yakazidi yale ambayo yangetolewa kidogo kidogo kila mwaka.

Basi hilo ndilo jibu. Fundi haitwi kwa kuwa piano imenyamaza; huitwa kwa kuwa yaendelea kulia, na mtoto huamini asikiayo. Mafundi wa kazi hii ni wachache, na mzee mwenye kijana msikivu angefanya vema kumtafutia nafasi ya kujifunza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Likisomwa tena fungu hilo katika hesabu, tuliulize kwa jambo moja tu: kama kazi ilifanywa kwa wakati wake.